Ukimwita mwenzako kondoo, mchungaji anacheka

Hebu fungua simu yako sasa hivi uingie kwenye mjadala wowote wenye joto. Ushuru, mpira, mwanamuziki aliyekosana na mwenzake, mwanasiasa aliyehama chama. Teremka kwenye majibu. Kabla hujafika la kumi utakuwa umeingia zizini. Kondoo. Kasuku. Zombi. Bendera, ambayo si mnyama lakini imo humo humo. Wapenzi wa gemu watakuambia wewe ni NPC, yaani kale kamtu ka ndani ya mchezo kasikoendeshwa na mtu, kanapita njia ile ile na kurudia sentensi ile ile hadi uzime mashine. Na kwa kuwa mtandao hauna mpaka wa Namanga, tumeazima na ya majirani. Watanzania wametupa 'chawa', mtu anayeishi kwa kumsifia mkubwa, na 'nyumbu', jina ambalo wafuasi wa upinzani huko wamerushiwa na mahasimu wao kwa miaka.

Majina ni mengi, shtaka ni moja: hufikirii, unafuata mkumbo tu.

Hatuna shida na tusi lenye chumvi. Vijana wa mjini wametaniana tangu zamani na wataendelea, na mara nyingine mtu anastahili kuambiwa ukweli bila sukari. Lakini angalia maneno haya yanaelekeza kidole wapi. Yanamlaumu anayefuata. Anayeongoza, anayelipwa, aliyeanzisha safari yenyewe, anapita zake bila hata kuulizwa jina.

Chukua kisa cha kondoo wenyewe. Julai 2005, karibu na mji wa Gevaş mashariki mwa Uturuki, kondoo mmoja aliruka kutoka kwenye jabali na wenzake karibu 1,500 wakamfuata. Waliokufa walikuwa kama 450. Waliobaki walipona kwa sababu waliangukia manyoya ya waliotangulia, rundo likawa godoro. Kisa kilizunguka dunia, na mpaka leo kinatolewa kama ushahidi kwamba kondoo ni fala. Kuna kipande ambacho hakisimuliwi sana: wachungaji walikuwa wameliacha kundi malishoni, wao wakaenda kupata kiamsha kinywa. Mali ya familia za kijiji kizima ikaangamia asubuhi moja, na anayechekwa ni kondoo.

Wala kondoo si mjinga kiasi hicho. Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi ya Babraham, kule Cambridge, walionyesha kwamba kondoo anaweza kutambua nyuso za kondoo wenzake 50 na kuzikumbuka kwa takriban miaka miwili. Wewe unaweza kutambua nyuso za madiwani wangapi wa kaunti yako? Tutarudi hapo.

Nyumbu naye anaonewa. Kila mwaka zaidi ya milioni moja huzunguka kati ya Serengeti na Maasai Mara, na video tunazopenda kutumiana ni zile za mtoni: mmoja anaruka, maelfu wanaruka, mamba anangoja. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba wastani wa nyumbu 6,250 hufa maji katika Mto Mara kila mwaka. Ni wengi, ndio. Ukiwagawa kwa kundi zima ni chini ya mmoja kwa kila 100. Wanaobaki wamefika kwenye mvua na nyasi, na hicho ndicho walichokuwa wakifuata, si mgongo wa mwenzao. Hata ndama wao huzaliwa wengi ndani ya wiki chache tu, hivi kwamba simba na fisi hushiba kabla hawajawamaliza. Ndama angezaliwa peke yake mwezi tofauti angekuwa kitoweo cha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kufuata wenzako si ujinga kila mara. Leo asubuhi umepanda matatu ambayo breki zake hukuzikagua, ukala chapati kibandani kwa sababu uliona foleni, ukameza dawa uliyoandikiwa na mtu ambaye cheti chake hukukiomba. Sote tunafuata, hata yule anayejiita mtu wa kujifikiria. Huyo ukimchunguza utakuta naye ana mbogi yake ya wanaojifikiria, na wote wanawaza kitu kimoja.

Kasuku ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu huyo tulimfuga hapa hapa nyumbani. Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi alitoa hotuba akiwataka mawaziri, wasaidizi wao na kila mtu mwingine waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye. Alieleza kwamba hata yeye alipokuwa chini ya Mzee Kenyatta alifanya hivyo hivyo. Fikiria hapo kidogo. Neno ambalo leo unamtupia mtu kumwaibisha lilikuwa, miaka hiyo, sifa ya mwananchi mwema. Falsafa ya serikali yenyewe iliitwa Nyayo, na nyayo ni za kufuatwa.

Miaka minne baadaye likaja lile la mlolongo. Katika mchujo wa KANU wa 1988 wapiga kura hawakupewa karatasi. Walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala aliyebeba picha yake, mchana kweupe, chifu akiangalia. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshapita, bila kura ya pili. Kuna sehemu ambako mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na kila mtu aliyekuwa uwanjani alikuwa ameona kwa macho yake.

Sasa kijana wa leo akimwambia babake, "Nyinyi ndio mlitufikisha hapa, mlikuwa kondoo," anasema kweli nusu. Mzee alisimama kwenye foleni hiyo, ndiyo. Lakini alijua pia kuhusu vyumba vya chini vya Nyayo House, ambako watu walioshukiwa kuwa wapinzani waliteswa. Alikuwa na kazi ya serikali au jirani mwenye mdomo. Alikuwa na watoto, pengine wewe ukiwa mmoja wao. Huyo hakukosa akili. Akili ndiyo iliyomwambia asimame pale. Ukitaka kumuuliza kitu cha maana, muulize alisimama nyuma ya nani na aliogopa nini. Utapata stori ambayo hakuna kitabu cha historia kilikupa.

Hata bila chifu wala seli, binadamu hulegea mbele ya wengi. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mmarekani Solomon Asch aliwakalisha wanafunzi wa chuo kikuu chumbani na kuwaonyesha mistari iliyochorwa kwenye kadi. Swali lilikuwa jepesi la mtoto wa chekechea: mstari upi una urefu sawa na huu? Ujanja ni kwamba waliomo chumbani wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Yule mmoja akiwa peke yake alikuwa hakosei karibu kamwe. Akiwa na kundi, zaidi ya theluthi ya majibu yake yaliufuata uongo. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa waliteleza angalau mara moja. Macho yao yalikuwa mazima.

Watu wengi wakisimulia jaribio hilo huishia hapo, wanatikisa kichwa: ona binadamu walivyo kondoo. Asch hakuishia hapo. Alimweka chumbani mtu mmoja zaidi aliyesema ukweli, mmoja tu, na makosa yakashuka hadi robo ya yalivyokuwa. Mtu mmoja! Si kiongozi, si msomi, ni mtu tu anayesema, "Mimi naona huu ndio sawa."

Basi tafakari 'kondoo' linafanya nini kwa mtu kama huyo. Yuko kwenye grupu la familia, au la chama cha akiba, au la wafuasi wa mwanasiasa fulani. Ana shaka kidogo. Angependa kuuliza, lakini watu wa nje wameshamwambia yeye na wenzake wote ni mifugo. Atafanya nini? Atafunga safu. Atatetea hata kile ambacho jana usiku alikuwa anakitilia shaka, kwa sababu sasa si hoja tena, ni heshima yake na ya mamake na ya watu wa kwao. Tusi limemrudisha zizini na kumfungia mlango kwa nje.

Sisi vijana tunajua uchungu wake, tulishaonja. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa bungeni, wasee walikaa chini wakausoma. Kuna walioutafsiri kwa lugha za nyumbani, kuna waliotengeneza video za kueleza kifungu kwa kifungu, kuna waliounda programu ya kujibu maswali kuuhusu. Kisha wakaambiwaje? Ati wanatumiwa. Ati kuna mtu nyuma yao, ati ni watoto wa simu ghali wanaofuata mkumbo wa mtandaoni. Tarehe 25 Juni wabunge 195 walipitisha mswada huo dhidi ya 106 walioukataa, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Kati ya kura na tamko hilo watu waliuawa kwa risasi barabarani. Wengi wao walikuwa wa rika lako. Kuitwa mfuata mkumbo ukiwa umeusoma mswada ambao baadhi ya waliokuita hivyo hawakuusoma, hilo linauma hadi leo.

Lakini tuseme yote. Wiki hizo hizo, upande wetu nao uligawa majina. Aliyebaki kazini kwa sababu analipwa kwa siku aliitwa kondoo. Msanii aliyenyamaza aliitwa chawa, na aliyeongea akaambiwa amechelewa. Mtu aliyeuliza swali la kawaida, kwamba ushuru huu ukiondolewa deni litalipwaje, alifukuzwa kama jasusi. Swali hilo lilikuwa halali, na hatimaye ilibidi nchi nzima ilijibu.

Hapa tutofautishe, maana kwenye zizi hili watu tofauti wamechanganywa. Chawa hafuati kwa kutojua. Anajua vizuri sana, ni kazi. Mwaka 2021 Wakfu wa Mozilla ulichapisha uchunguzi kuhusu kampeni za kulipia hapa Kenya, ukaeleza kwamba washiriki walikuwa wakipewa kama dola 10 hadi 15 kwa siku kusukuma kampeni tatu hivi kwenye Twitter, baadhi zikiwalenga majaji na wanaharakati wakati wa vuta nikuvute ya BBI. Hashitegi inapanda asubuhi, wewe unaiona, unadhani nchi nzima inasema hivyo, unarusha. Mchana mtu anakuita kondoo. Unaudhika, mnatukanana hadi jioni. Aliyelipa ameshazima simu na kwenda nyama choma. Nyinyi wawili mmemalizia kazi yake bure.

Ama yule anayefuata kwa kuwa ana shida. Unakumbuka kware? Karibu 2013 na 2014 kila mtu alikuwa anafuga kware. Mayai yake yalisemekana kutibu kila kitu, watu wakachukua mikopo, wakaomba leseni za Huduma ya Wanyamapori, vyumba vya wageni vikageuzwa vibanda vya ndege. Halafu soko likajaa wafugaji na kukosa walaji, bei ikaporomoka. Vichekesho vilikuwa vingi, na hadi leo ukitaja kware kwenye sherehe ya ukoo kuna mjomba atakayeinama kuangalia sahani. Hatukusikia vichekesho vingi kuhusu waliouza vifaranga na kufanya semina, wakatoka na faida zao kabla bei haijaanguka. Mjomba alikuwa na karo ya kulipa na mshahara usiotosha. Alikwenda mahali ambapo aliambiwa kuna nyasi.

Halafu kuna Shakahola, na hapa mzaha unakoma. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwenye msitu huo wa kaunti ya Kilifi, ya watu wanaodaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Mhubiri anayedaiwa kuwaongoza alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake. Rudi usome yaliyoandikwa mitandaoni siku zile makaburi yanafunguliwa. Wajinga. Kondoo. Waliyataka wenyewe. Mtoto wa miaka minne aliyataka vipi? Na mtu mzima aliyetoka humo hai, aliyepoteza mke na watoto, akisoma maneno hayo atapata wapi nguvu ya kusimama mbele ya hakimu aeleze kilichotokea? Ushahidi dhidi ya mchungaji hutoka midomoni mwa kondoo. Ukiwaaibisha hadi wanyamaze, umemsaidia nani?

Kanisani, kumbuka, kondoo si tusi. Ni jina la upendo, na kila Jumapili mamilioni ya Wakenya hulikubali kwa furaha. Mtu wa kanisa ukimwita kondoo kwa dharau hasikii kwamba umemkosoa yeye. Anasikia umemkosoa Mungu wake, na mjadala umeisha.

Sasa, kuna wanaofuata kwa uvivu tu, tusidanganyane. Ana bando, ana muda, ana kiungo cha waraka wenyewe, na bado anarusha picha ya mwaka juzi kutoka nchi nyingine akisema ni Githurai jana usiku. Huyu usimlee. Lakini hata huyu, 'kondoo' ni jibu jepesi mno kwake, kwa maana atalirusha kwako papo hapo na mtakuwa droo. Swali fupi humbana zaidi: umeipata wapi? Ulizia hapo hapo mbele ya grupu, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua. Ukinyamaziwa, wengine 40 wameona kimya hicho. Na pengine kati yao yuko mmoja aliyekuwa anangoja mtu atangulie.

Kwa mzazi au shangazi, lugha ni nyingine tena. Humwambii shangazi yako "umeipata wapi" kama askari. Unampigia, unamsalimu, unauliza hali ya goti, kisha, "Shangazi, ile ya jana kwenye grupu, ni nani amekutumia?" Mara nyingi atakuambia hata yeye aliishuku, ila aliyetuma ni mwenyekiti wa chama chao na hakutaka kumkosea adabu. Mnaona? Shaka ilikuwepo tangu mwanzo, ilikosa tu mahali pa kukaa.

Tunasema haya mapema kwa sababu msimu unakuja. Kikatiba uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10, na majina ya wanyama yameanza kupanda bei. Utayasikia yakigawanywa kwa maeneo: wa mlimani hivi, wa ziwani vile, wa bondeni, wa Pwani. Anayeyagawa mara nyingi ni mwanasiasa au mtu wake, naye ana sababu. Watu wa maeneo mawili wakishaitana mifugo hawawezi kukaa kibanda kimoja walinganishe wanacholipia unga.

Na kuna ombi moja utakalotupiwa jukwaani na kila upande, lile la 'six-piece', suti kamili. Karatasi sita, chama kimoja, kuanzia rais hadi diwani, usichanganye. Likitamkwa na upande usioupenda utacheka uone kondoo wanaambiwa waingie zizini. Likitamkwa na upande wako utapiga makofi uliite umoja. Ombi ni lile lile, na linahesabu kwamba utachoka kabla ya kufika karatasi ya sita.

Karatasi hiyo ya sita ndiyo ya MCA. Nchi ina wadi 1,450, na diwani wa yako huketi kwenye bunge la kaunti linalopitisha bajeti ya zahanati yako, soko lako, chekechea ya mdogo wako na takataka iliyo mlangoni kwako. Basi, lile swali tuliloacha kule juu: si nyuso 50, ni uso mmoja. MCA wako ni nani, na mara ya mwisho alisema nini bungeni? Ukishajibu, muulize na yule uliyemwita kondoo wiki iliyopita. Usishangae akikutajia jina, chama, na siku ambayo mtaro wa kwao ulizibuliwa.